Chumba cha Kupimia Miguu

Tulimzika Sista Yunia Ijumaa iliyopita, kwao upande wa Ekerenyo, juu ya shamba la chai linaloteremka hadi kijitoni. Mwanawe mkubwa alinipa kipaza sauti, akawaambia waombolezaji kwamba mimi ndiye pekee niliyebaki kati ya wale waliofanya kazi na mama yake katika ile hospitali ndogo ya misheni ambayo siku hizi haipo tena, akaniomba niseme mawili matatu. Nikayasema. Nilisema marehemu alikuwa mchapakazi, alikuwa mcha Mungu, alitulea sisi wasichana kama binti zake. Kina mama wa kanisa wakatikisa vichwa, mmoja akaguna kwa kuridhika. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa la uongo. Lakini nilipoketi nilihisi kichefuchefu, kile cha zamani kinachoanzia nyuma ya ulimi, na waliponiletea sahani ya wali na nyama niliisukuma kwa jirani yangu nikasingizia meno. Nina miaka sabini na miwili. Nimekuwa muuguzi hadi kustaafu, nimeosha maiti, nimepokea watoto waliozaliwa chooni. Uchafu wa mwili wa binadamu hauna tena la kunishtua. Kilichonitibua tumbo siku ile ni sauti yangu mwenyewe ikitoka katika kile kipaza sauti, tamu na safi, kama sauti ya mtu asiye na la kuficha.

Mambo ya kuzaliwa na kusoma nayaruka. Hayatofautiani na ya msichana mwingine yeyote wa Nyamira wa wakati ule aliyebahatika kumaliza kidato cha nne. Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja, mwaka wa kumi wa Uhuru, nilipokuwa na miaka ishirini. Hospitalini alikuwa amekuja daktari mzungu aliyetaka kujua kwa nini vidonda vya miguu vya watu wetu havifungi. Alihitaji mtu wa kuandika tarakimu kwa usafi na kusema na wagonjwa kwa Kikisii, akanichukua mimi. Wagonjwa walimwita Daktari wa Taa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti, na alikuwa na tabia moja ambayo sikuizoea hadi mwisho: saa nne alikula yai la kuchemsha huku akitazama picha za vidonda, akilichovya kwenye chumvi, akigeuza picha kwa kidole kile kile.

Siku ya kwanza alinipeleka wadi ya vidonda. Ilikuwa jengo refu la mabati nyuma kabisa, kupita vyoo, maana hakuna aliyetaka iwe karibu zaidi. Vitanda kumi na viwili, nzi wa kijani juu ya kila chandarua, ndoo ya bandeji zilizotumika kando ya mlango. Harufu ile naweza kuiandika kwa vipande tu: nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria iliyofunikwa, maziwa yaliyoharibika, chuma cha kutu, na juu ya yote utamu, utamu kama wa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ule utamu ndio ulionishinda. Uozo wenyewe mtu anautarajia, lakini utamu hakuna aliyekuonya. Nilitoka mbio nikashikilia nguzo ya baraza. Sista Yunia, aliyekuwa mkubwa wa wadi, mwanamke mnene mwenye mikono midogo ya haraka, alinifuata.

“Kemunto, pua ni ya kanisani,” aliniambia. “Huku tunapumulia mdomo.”

Nikarudi ndani nikipumulia mdomo. Hapo nikagundua kitu ambacho hakunieleza, kwamba harufu ina ladha.

Chumba cha kupimia kilikuwa ng'ambo ya uwanja mdogo wa nyasi. Zamani kilikuwa stoo ya pareto, na mvua iliponyesha kuta zilitoa tena ukali wa yale maua makavu. Ndani mlikuwa na kitanda cha chuma, viti viwili, meza, hita ya mafuta ya taa, na dirisha moja la vioo lililotazama bondeni kwenye mashamba ya chai. Mashine ilikaa mezani, kubwa kama redio ya zamani, ikipata nguvu kutoka kwa betri ya gari. Mwisho wa waya wake palikuwa na kitaa kisichozidi kifungo cha koti. Tulikifunga kwa plasta kwenye kidole gumba cha mguu, kisha kando ya kidonda, pale ngozi nzima inapoishia. Damu iliyo chini ya ngozi ilinywa mwanga wa kile kitaa, mashine ikapima kiasi kilichonywewa, na kalamu nyembamba ikachora kwenye karatasi iliyojikunjua polepole. Moyo ukipiga na damu ikiingia katika mishipa midogo kabisa, ile isiyoonekana kwa macho, kalamu ilipanda na kushuka ikaacha vilima. Damu isipofika ilichora mstari mtupu, bapa kama uwanda wa Kano.

“Mto wenu wa Gucha unaweza kujaa,” daktari alinieleza, “na bado mche wa chai ukafa kwa kiu hatua tano kutoka ukingoni. Mimi siulizi habari za mto. Nataka kujua kama maji yanaufikia mche.” Kisha akanipa masharti, akanifanya niyarudie mpaka nikayaweka moyoni. Dirisha lifungwe. Hita iwashwe kabla mgonjwa hajaingia. Mgonjwa afutwe miguu, alale, afunikwe blanketi, angoje nusu saa nzima bila kuzungumza, ndipo kitaa kifungwe. “Mishipa midogo ni mioga,” alisema, “kama konokono. Ikiguswa na baridi inajificha. Chumba kikiwa baridi, karatasi itasema uongo, na sisi tutauamini.”

Hebu fikiria sasa ile nusu saa. Chumba cha hatua nne kwa tatu, kimefungwa, hita inachemka na kutoa moshi wa mafuta ya taa, kuta zinatoa pareto, na katikati umelala mguu uliofunguliwa bandeji. Joto huufungua mshipa, lakini huifungua harufu pia. Kidonda kilichokuwa kimya wadini kilianza kutoa maji, maji ya rangi ya chai iliyopoa, yakishuka kisigino hadi kwenye mpira niliotandika. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu nikitazama saa ya ukutani, mate yamenijaa mdomoni na sithubutu kuyameza. Mara moja mzee mmoja alipofunguliwa, mabuu yalikuwa yakijipindapinda kwenye ukingo wa nyama, meupe, yameshiba, na daktari akasema kwa furaha ya kweli kwamba yamesafisha vizuri. Mchana wa siku hiyo tulipewa wali. Siandiki zaidi.

Chakula ndicho kilichonionyesha jinsi nilivyobadilika. Tuliishi wasichana sita katika nyumba ya wafanyakazi, tukila pamoja kwenye meza ndefu, na wiki ya pili Nyaboke wa maabara, aliyekuwa rafiki yangu, alisema bila hata kunitazama, “Kemunto, wewe leo kaa upande wa mlangoni, upepo uko huko.” Leo hiyo ikawa mwaka mzima. Lakini hata mlangoni sikula. Maharagwe yalinitazama kutoka kwenye mchuzi wao mzito. Utandu unaojikunja juu ya chai ya maziwa ikipoa, ambao nyumbani tulikuwa tukigombania, niliuona ni ule utando wa kijivu tuliouondoa kwa kibano asubuhi. Nilikula ugali mkavu na chumvi. Nilioga mara tatu kwa siku kwa sabuni ya kufulia mpaka viwiko vikapasuka.

Na wagonjwa waliijua chuki yangu. Nilidhani naificha. Siku moja nilikuwa nikipanga vifaa nyuma ya ukuta wa mbao wa chumba cha kufungia vidonda, nikawasikia wanawake wakizungumza upande wa pili.

“Yule msichana wa taa,” mmoja alisema, “akikushika utadhani anaokota kinyesi cha kuku kwa vijiti.”

Wakacheka. Kisha sauti nyingine, nzito, isiyo na haraka, ikasema, “Mwacheni. Afadhali yeye. Wengine wanacheka nawe, kisha wanakwenda kunawa mara tatu.”

Huyo alikuwa Omong'ina Kerubo wa Birongo. Omong'ina ndivyo tulivyomwita mama mzima, kwa heshima, na heshima ya maneno sikumnyima kamwe. Alikuwa na miaka kama hamsini. Kidonda chake kilianza na jeraha la jembe, kikakaa miaka kumi na mmoja, kipana kama kiganja juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, kingo zake ngumu zimeinuka kama mdomo wa chungu. Mume alikuwa ameoa mke wa pili, na huyo mke mdogo alikuwa amesema hawezi kupika wala kula karibu na uozo, kwa hiyo Kerubo alihamishiwa kibanda cha mbuzi. Alinieleza haya kama mtu anayeeleza hali ya mvua. Kidonda chenyewe alikiita mke mwenza wa tatu. “Huyu wa tatu hanipi usingizi,” alikuwa akisema, “lakini angalau hajaniambia nihame.”

Binti yake alimletea ndizi mbivu kutoka nyumbani, mkungu mdogo mzuri, naye akanigawia kichana. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikashukuru kama nilivyofundishwa, nikazunguka nyuma ya chumba cha dobi nikakitupa kwenye shimo la majivu. Sikuweza. Zile ndizi zilinuka wadi. Nilipogeuka, Kerubo alikuwa amesimama kwenye njia ya chooni, ameegemea fimbo yake, akinitazama. Siku ya kupimwa alilala akageukia ukuta, nusu saa nzima, na hakunipa tena utani wake.

Mwezi wa saba Daktari wa Taa alirudi kwao kwa likizo ya wiki nane. Alikuwa ameniamini, na maagizo aliyoacha aliyaandika wazi. Kila Alhamisi alikuja daktari wa upasuaji kutoka mjini; huyo angetazama karatasi zangu. Mgonjwa akiwa na karatasi tatu zenye vilima, kidonda kisafishwe na kipandikizwe ngozi kutoka pajani, maana damu ipo na ngozi itashika. Akiwa na karatasi tatu bapa, zilizochukuliwa siku tatu tofauti, basi hakuna ngozi itakayoshika pale, na mguu wa namna hiyo siku yoyote ungeweza kumuua mwenyewe kwa sumu. Ukatwe chini ya goti.

Mwezi wa saba kwetu ni mwezi wa ukungu. Unapanda kutoka bondeni asubuhi na hauondoki hadi saa sita, na vidole vinakuwa vizito kushika kalamu. Daktari alipoondoka sikuwa na wa kunitazama. Juma la kwanza nilifuata masharti. Juma la pili, siku moja kichwa kikiniuma kwa moshi wa hita, nilifungua dirisha kidogo tu, upana wa ngumi. Hewa iliyoingia ilikuwa na baridi, majani ya chai na udongo, nikaivuta kwa pua, kwa pua kabisa, mara ya kwanza ndani ya chumba kile. Siwezi kueleza raha ile. Kesho yake nililifungua lote. Hita nikaizima, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiamsha harufu. Nusu saa ikawa dakika kumi, kisha tano. Wagonjwa walikuja wakivuka nyasi zenye umande bila viatu, nikawalaza na miguu mibichi, kitaa, karatasi, haya nenda. Kalamu ikaanza kuchora mistari. Niliiona. Nilijiambia kwamba miguu ile inanuka kama mizoga, basi ajabu gani ikiwa mizoga kweli?

Sista Yunia aliingia asubuhi moja nikimpima Kerubo kwa mara ya tatu. Alisimama mlangoni akajikumbatia.

“Mbona humu kuna baridi hivi?”

“Nimefungua sasa hivi tu, Sista.”

Alilitazama dirisha, akaitazama hita, akautazama mguu wa Kerubo uliokuwa wazi bila blanketi, ngozi yake imejaa vipele vya baridi. Kisha akasema anatafuta mkasi, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata daktari wa upasuaji alizipanga karatasi za Kerubo kitandani, tatu, zote bapa. Mimi ndiye niliyetafsiri. Nilisema kwa Kikisii kwamba damu haifiki kwenye mguu, kwamba umekwisha kufa ukiwa bado mwilini, kwamba usipokatwa utamvuta na yeye.

Kerubo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumtazama daktari, alinitazama mimi. “Hiyo taa imesema hivyo?”

“Imesema, Omong'ina.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu.”

“Na wewe ndiye uliyeiona ikisema?”

“Ni mimi.”

“Basi naamini,” alisema. “Angekuwa yule mwingine anayenichekea ningesita. Wewe hunipendi. Mtu asiyekupenda hana haja ya kukubembeleza kwa uongo.” Akanyoosha kidole gumba apakwe wino.

Walimkata siku iliyofuata; daktari alikuwa amelala pale misheni. Nilikuwa nimesimama kwenye ushoroba, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, na karatasi za wagonjwa wawili zaidi mkononi, mzee mmoja wa Kebirigo na mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga, ambao nao walikuwa na mbili mbili bapa. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nikamsikia daktari wa upasuaji akisema na Sista Yunia kwa Kiingereza, akinawa mikono.

“Nani aliupima mguu ule?”

“Msichana wa mradi.”

“Umevuja damu kama mguu wa kijana. Nimeukagua hadi kwenye kidonda chenyewe; kila nilipogusa kwa kisu, nyekundu tupu. Mguu huo haukuwa umekufa, Sista.”

Maji yakaendelea kutiririka. Mimi sikwenda popote. Mlinzi alipita na kitu kirefu kimefungwa kwenye shuka, kikilowa upande mmoja, akikipeleka kwa shemeji wa Kerubo aliyekuwa akingoja nje ili wakauzike mguu nyumbani, na kilipopita mbele yangu ile harufu tamu ikanifikia, ile ile, na kwa mara ya kwanza haikunitapisha. Nilichokuwa nakihisi kilikuwa kichafu kuliko hiyo.

Nilikwenda chumba cha kupimia nikajifungia. Dirisha lilikuwa wazi kama nilivyoliacha. Nikavua viatu na soksi, nikalala kwenye kile kitanda, nikajifunga kitaa kwenye kidole gumba cha mguu wangu mwenyewe. Miaka ishirini, mguu usio na hata mkwaruzo. Kalamu ikachora mstari. Nilinyanyuka nikafunga dirisha, nikawasha hita, nikajifunika blanketi nikangoja nusu saa nzima nikitazama dari. Kisha nikaiwasha mashine. Vilima vikaja, kimoja baada ya kingine, virefu, vyenye afya, na nikalala pale nikivitazama vikitoka, nikijichukia kwa kila mpigo wa moyo.

Jioni hiyo hiyo nilimpelekea Sista Yunia karatasi zangu mbili, nikamweleza yote. Alikuwa kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, jiko la kuni linawaka. Alisikiliza huku akipanga mikasi. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige.

“Dirisha nililiona,” alisema mwishowe. “Na mimi nililiona, Kemunto. Nilisema moyoni, msichana amechoka, nitamwambia kesho.” Akazitafuta karatasi tatu za Kerubo kwenye faili, akazitazama, akazitia jikoni. Ziliwaka haraka. Kisha akatia na zangu. “Sikiliza. Mguu haurudi. Lakini dawa za wadi hii, bandeji, hata chakula cha wale watu, vinakuja na mradi wa huyu mzungu. Akijua, atafunga mashine yake aende. Wale kumi na wawili nitawafunga na nini, majani ya mgomba?” Akafuta mikono kwenye aproni. “Kesho wapime upya wale wawili. Vizuri. Mimi nitakaa nawe chumbani.”

Alikaa nami. Dirisha limefungwa, hita inawaka, sista mkubwa wa wadi ameketi kwenye kiti cha pili jasho likimtiririka, akipumulia pua, sikumwona akifungua mdomo hata mara moja. Tuliwapima siku tatu. Mzee wa Kebirigo alitoa vilima vidogo lakini vya wazi. Yule mama kijana alitoa vilima kama vyangu. Wakapandikizwa ngozi, na zote zikashika. Mzee alipotoka alinishika mkono akaniombea kwa sauti kubwa, nami nikasimama hapo kama mwizi anayesifiwa kwa uaminifu wake. Daktari wa Taa aliporudi, Sista Yunia alimwambia paa lilivuja, karatasi za mgonjwa mmoja zikaharibika. Alisikitika kidogo, akaacha nafasi tupu kwenye jedwali lake, akaendelea na yai lake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Yeye Yunia alisema uongo ule mara moja, kwa ajili ya wagonjwa wake. Mimi nimeusema kila siku tangu hapo, kwa ajili yangu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kabla ya kwenda chuo cha uuguzi, nilifunga safari nikaenda Birongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nimeyarudia njia nzima. Nilimkuta Kerubo kwenye shamba la pareto, ameketi kwenye kigoda kati ya mistari, magongo yake yamelala kando. Alichuma maua ambayo mkono uliyafikia, akayatia kikapuni, akajisukuma na kigoda hatua moja, akachuma tena. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na kitambaa kipya kichwani. Aliponiona alisimamisha mikono.

“Msichana wa taa.”

“Bwakire, Omong'ina.”

“Bwakire. Kaa chini.”

Nikakaa kwenye udongo. Aliniambia habari zake bila kuulizwa: kwamba amerudishwa nyumba kubwa, kwamba mke mdogo humletea mtoto amshike akienda kisimani, kwamba kanisani anakaa benchi ya mbele. Hakuna anayeziba pua. “Niliteseka miaka kumi na mmoja kwa ajili ya kitu kilichokuwa maiti,” alisema. “Ningejua ningewaambia wakate siku ya kwanza.”

Ndipo nikamwambia. Dirisha, hita, umande, dakika tano, vilima vya mguu wangu mwenyewe, maneno ya daktari wa upasuaji. Sikumficha kitu. Nilipomaliza nililia, na nilipolia nilihisi wepesi kifuani, wepesi kama ule wa siku nilipofungua dirisha mara ya kwanza. Nilimtazama nikitarajia sijui nini. Kunilaani, labda. Labda kunisamehe.

Uso wake ulikuwa umekunjamana. Nilikuwa nimezoea kuuona uso ule kwenye kioo, sikuwa nimewahi kuuona kwa mtu mwingine akinitazama mimi. Aligeuka akatema mate kando.

“Umekuja kunitapikia,” alisema. “Ulikuwa na uchafu wako tumboni, ukatembea nao kutoka kwenu hadi hapa, ukautapika mapajani mwangu. Sasa wewe ni mwepesi. Na mimi?”

Nikafuta macho kwa kiganja chenye udongo.

“Mguu wangu ulikuwa hai,” alisema, polepole, kama anayejaribu kama maneno yanaingia mdomoni. Aliutazama ule mwisho wa gauni uliolala bapa juu ya kigoda. Kisha akauliza, “Na wale wengine? Yule mzee, na yule mama mwenye mtoto?”

“Walipona, Omong'ina.”

“Wote wawili? Na miguu yao?”

“Na miguu yao.”

Akaitikia kwa kichwa mara moja. “Neno hili usilirudie kwenye boma hili. Hapa wanajua nilikatwa kitu kilichokufa. Sitaki wajue nilikatwa bure. Nenda.” Akashika kigoda kwa mikono miwili, akajisukuma hatua moja, akaanza kuchuma mstari uliofuata, mgongo kwangu.

Mke mdogo alinikuta nikitafuta njia ya kutokea. Hakuwa amesikia lolote. Alikuwa msichana tu, rika langu, mtoto mgongoni, uso mzuri wa ukarimu. Aliona vazi langu akajua nimetoka hospitali, akasisitiza kunisindikiza hadi barabarani kwa sababu ya mbwa. Njia nzima alizungumza. Alisema nyumba sasa ina amani. Alisema zamani hata chakula kilikuwa hakishuki kooni, unajua ilivyokuwa, wewe mwenyewe umeiona, na sasa wanakula wote kutoka sinia moja. Barabarani akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akafumba macho akaniombea: Mungu aibariki hospitali ile, aibariki mikono hii iliyomtoa mama yetu kwenye uozo.

Alipomaliza akangoja, macho bado ameyafumba.

Nikasema amina.